Kiishio cha Kikoa, Mahali pa Seva na Wageni wa Ng'ambo: Mwongozo kwa Wenye Tovuti wa Malindi

Mwenye nyumba ya wageni hapa Malindi anapoamua kufungua tovuti, maswali mawili humjia kabla hata hajachagua picha za kuweka: jina la tovuti liishie na .com au .co.ke, na tovuti yenyewe ikae kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa zake, ya Nairobi au ya Ulaya? Majibu anayopewa mara nyingi hutoka kwa watu wenye kitu cha kumwuzia. Ataambiwa kwamba bila seva iliyoko Italia Waitaliano hawatamwona, au kwamba lazima anunue majina manne yenye viishio vya nchi nne, na kwa kuwa hana njia ya kuyapima maneno hayo, hulipa. Mwongozo huu unakusudia kumpa njia ya kuyapima. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu jambo hili linagusa riziki za watu wengi wa mwambao, kuanzia Malindi na Watamu hadi Shela na mji wa kale wa Lamu, ambao wateja wao wengi huamua kuja wakiwa bado wako makwao, maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Msimamo wangu ni huu. Kiishio cha kikoa, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la tovuti, kina uzito wa kweli lakini katika jambo moja tu, nalo ni kuieleza injini ya utafutaji kwamba tovuti imekusudiwa watu wa nchi fulani. Mahali pa seva pana uzito mdogo sana kama ishara, ingawa panaweza kugusa kasi ya ukurasa. Kazi kubwa ya kumfikia mgeni aliyeko Milano au Hamburg hufanywa na lugha ya ukurasa na yale yaliyoandikwa ndani yake.

Kwanza jua mteja anatafuta akiwa wapi

Duka la vifaa vya ujenzi la hapa mjini na nyumba ya wageni iliyo mtaa huohuo ni biashara za Malindi zote mbili, lakini mbele ya injini ya utafutaji hazifanani hata kidogo. Mteja wa duka anatafuta akiwa Malindi, au pengine Kilifi au Mambrui. Mteja wa nyumba ya wageni anatafuta akiwa mbali, na kama angekuwa ameshafika mjini, huenda asingehitaji kutafuta. Kwa hiyo swali la kwanza ni nchi anayokaa mteja wakati anapoandika maneno yake kwenye simu, wala si nchi iliko biashara. Ushauri mwingi mbaya unaozunguka hapa kwetu hutokana na kuchanganya mambo hayo mawili.

Kama tovuti yako ipo tayari, huna haja ya kukisia. Iunganishe na Google Search Console, huduma isiyolipiwa, kisha ufungue ripoti ya utendaji na uangalie sehemu ya nchi. Ripoti hiyo hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo inakuwezesha kuona msimu mzima na mwingine ulioutangulia. Chagua Italia peke yake, halafu urudi kwenye orodha ya maneno yaliyotafutwa. Soma namba mbili kwa pamoja: mara ambazo tovuti yako ilionekana katika matokeo, na mara ambazo ilibofywa. Ukikuta kwamba Waitaliano wanakuona mara nyingi kwa maneno kama "Malindi" na "Watamu" lakini hawabofyi, kisha ukagundua kwamba ukurasa unaowatokea ni ule wa Kiingereza, basi tatizo lako halihusiani na kiishio wala seva. Ukikuta kwamba huonekani kabisa kwa maneno ya Kiitaliano, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kama unao ukurasa hata mmoja wa Kiitaliano.

Kama tovuti haijafunguliwa, chukua daftari la wageni la msimu uliopita na uhesabu walikotoka. Daftari hilo lina thamani kuliko makisio ya mshauri yeyote.

Kiishio kinasema nini, na kinanyamaza wapi

Viishio viko vya aina mbili kubwa. Kuna viishio vya nchi, vyenye herufi mbili, kama .ke kwa Kenya, .tz kwa Tanzania, .it kwa Italia na .de kwa Ujerumani. Na kuna viishio vya jumla, visivyofungamana na nchi yoyote, kama .com, .org na .net. Kiishio cha .ke kimekuwepo tangu mwaka 1993 na sasa kinasimamiwa na shirika la KeNIC. Ndani yake kuna migawanyo ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa macho: .co.ke kwa kampuni, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .ac.ke kwa vyuo, .sc.ke kwa shule, .go.ke kwa serikali na .me.ke kwa watu binafsi. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza pia kusajili jina moja kwa moja chini ya .ke bila herufi nyingine katikati.

Google husoma kiishio cha nchi kama ishara yenye nguvu kwamba tovuti imekusudiwa watumiaji wa nchi hiyo. Kwa duka letu la vifaa vya ujenzi, kwa wakili, kwa zahanati au kwa chuo, hiyo ni faida tupu, na sioni sababu ya mmoja wao kukimbilia .com wakati .co.ke inamfaa zaidi na Mkenya akiiona anaiamini. Kwa nyumba ya wageni hesabu ni nyingine. Kiishio cha .ke hakijengi ukuta: tovuti zenye .ke huonekana katika matokeo ya nchi nyingine kila siku, hasa pale mtafutaji anapotaja Malindi au Kenya katika maneno yake, kwa maana ushindani hapo huwa kati ya kurasa zinazoizungumzia Malindi. Uzito wa kiishio huonekana zaidi katika maneno mapana. Mwitaliano anayeandika kwa lugha yake kwamba anataka likizo ya ufukweni wakati wa baridi, bila kutaja nchi, huletewa kwanza kurasa zinazoonekana zimekusudiwa Waitaliano, na tovuti ya .ke huanza nyuma hatua moja. Kwa maoni yangu nyumba yenye vyumba vichache haina haja ya kuhangaikia maneno mapana hivyo, kwani huko inapambana na kampuni kubwa za safari zenye bajeti isiyolingana na yake.

Kuna viishio ambavyo kwa sheria ni vya nchi lakini Google huvihesabu kama vya jumla kwa sababu vinatumiwa na dunia nzima. Miongoni mwao ni .tv ya Tuvalu, .me ya Montenegro, .io ya eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, .co ya Kolombia na, tangu mwaka 2023, .ai ya Anguilla. Jihadhari hapa: .co bila .ke haina uhusiano wowote na .co.ke, na mgeni anayesahau .ke katika anwani ya barua pepe anaweza kuipeleka kwa mtu mwingine kabisa. Kiishio cha .africa, kilichoanza mwaka 2017, nacho ni cha jumla. Kinapendeza machoni lakini hakiiambii Google kwamba uko Kenya. Viishio vyenye maneno kama .travel au .tours havikupi daraja la ziada pia, kwani Google ilieleza wazi mwaka 2015 kwamba neno lililo ndani ya kiishio kipya halileti faida wala hasara. Anayekuuzia kiishio cha namna hiyo kwa ahadi ya kupanda katika matokeo anakuuzia upepo.

Je, ununue .it ili kuwapata Waitaliano? Usajili wa .it umewekewa masharti ya ukaazi: mwenye jina anatakiwa awe mkaazi wa Eneo la Uchumi la Ulaya au wa mojawapo ya nchi chache jirani zilizoruhusiwa, kwa mfano Uswisi. Kiishio cha .fr nacho kina masharti ya kufanana na hayo, ilhali .de iko wazi zaidi. Mtu wa Malindi asiye na ukaazi wala kampuni huko hulazimika kusajili kwa jina la rafiki au mbia aliyeko Italia, na siku watakapokosana, jina litabaki na yule aliyeandikwa kwenye usajili. Hata bila ugomvi, kila kikoa kipya huanza chini kabisa. Viungo ambavyo tovuti nyingine zimeelekeza kwako kwa miaka haviendi kwenye .it kwa sababu tu mmiliki ni yuleyule, na kazi ya kuandika, kutunza na kulipia hujirudia kwa kila nchi. Kampuni yenye ofisi Nairobi na Milano, yenye wafanyakazi wa kuandika kwa lugha zote mbili, inaweza kunufaika na viishio viwili. Nyumba ya familia itachoka kabla ya mwaka kwisha.

Njia ninayoipendekeza kwa walio wengi ni kikoa kimoja chenye folda za lugha. Ukurasa wa Kiingereza unakaa kwenye mfano.com/en/, wa Kiitaliano kwenye mfano.com/it/, wa Kijerumani kwenye mfano.com/de/, na wa Kiswahili kwenye mfano.com/sw/. Nguvu yote inayokusanywa na ukurasa mmoja inabaki ndani ya nyumba moja. Vikoa vidogo, kama it.mfano.com, vinakubalika pia na vina faida kwamba kila kimoja kinaweza kuwekwa kwenye seva tofauti, lakini mwenye tovuti ndogo hahitaji faida hiyo. Epuka anwani zinazotenganisha lugha kwa alama za mwishoni, kwa mfano ?lang=it, kwa sababu Google yenyewe haizipendekezi kwa kazi hii.

Na kama tayari unayo .co.ke yenye miaka mingi, inayojulikana na wageni wako na iliyounganishwa na tovuti za waandishi wa safari? Ibakize. Ongeza folda za lugha ndani yake. Kuhama kuna gharama zake, nami nitazieleza mbele, na faida ya .com juu ya .co.ke kongwe kwa nyumba inayotafutwa kwa jina la Malindi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Seva: umbali unaoweza kuhesabiwa

Maelezo ya Google kuhusu seva hayana utata. Mahali pa seva, panapojulikana kwa anwani ya IP (namba inayoitambulisha kompyuta kwenye intaneti), panaweza kuwa ishara ya nchi inayokusudiwa, lakini si ishara ya kukata shauri, kwa kuwa tovuti nyingi hutumia mitandao ya usambazaji wa maudhui au huwekwa katika nchi zenye miundombinu bora. Kama kikoa chako kina kiishio cha nchi, mahali pa seva hapatazamwi hata kidogo katika kuamua nchi. Tovuti ya .co.ke iliyoko kwenye seva ya Frankfurt ni ya Kenya vilevile. Zaidi ya hayo, baadhi ya kampuni za Kenya zinazouza huduma ya kuhifadhi tovuti huziweka seva zao Ulaya au Marekani, kwa hiyo usidhani kwamba kulipa kwa shilingi ni sawa na kuwa na seva Nairobi. Uliza kabla ya kulipa.

Kinachobaki ni kasi, na kasi inaweza kuhesabiwa. Kutoka hapa hadi Milano kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni sehemu 6 katika mia za sekunde kwa uchache, na njia halisi ya kebo ina mizunguko mingi inayoongeza muda huo. Ukurasa salama haufunguki kwa safari moja: kivinjari huulizia anwani ya kikoa, hufungua muunganisho, hukubaliana na seva juu ya ulinzi, kisha ndipo huomba ukurasa wenyewe. Hesabu safari nne na utapata kama robo ya sekunde ambayo umbali peke yake umeila.

Sasa tazama picha iliyoko kwenye ukurasa wa mbele. Mara nyingi ni ya ufukwe au ya nguzo ya Vasco da Gama, imepigwa kwa simu nzuri na kupakiwa kama ilivyo, ikiwa na megabaiti 5. Kwa mgeni mwenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, picha hiyo moja huchukua sekunde 4 kushuka. Umbali ulikula robo ya sekunde, picha inakula sekunde 4, na bado mwenye tovuti anaambiwa ahamishe seva. Ipunguze picha ifike upana wa pikseli 1,600 hivi, ihifadhi katika muundo wa WebP, na itakuwa na kilobaiti mia chache tu bila jicho la mgeni kuona tofauti. Kazi hiyo huchukua mchana mmoja na haigharimu chochote.

Google hupima kasi kwa vigezo vitatu vinavyojulikana kama Core Web Vitals: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, kigezo kilichochukua nafasi ya kile cha zamani mwezi Machi 2024, na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, kwa alama isiyozidi 0.1. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vipimo hivyo hutoka kwenye vivinjari vya Chrome vya wageni wenyewe, hukusanywa kwa siku 28, na ukurasa huhesabiwa umefaulu pale robo tatu ya matembezi yanapofikia kiwango. Kama wageni wako wengi wako Italia, basi kinachopimwa ni ukurasa unavyofunguka Italia. Tovuti inayofunguka upesi kwenye simu yako hapa Malindi inaweza kuwa inaburuta miguu kule inakopimwa. Hata hivyo, usiipe kasi uzito isiokuwa nao, kwani ukurasa wa haraka usiojibu swali la mtafutaji haupandi kwa sababu ya haraka yake.

Wageni wako wakiwa wa pande mbili, Nairobi na Ulaya, jibu bora ni mtandao wa usambazaji wa maudhui, yaani huduma inayoweka nakala za kurasa na picha zako katika vituo vingi duniani ili kila mgeni ahudumiwe na kituo kilicho karibu naye. Cloudflare, kwa mfano, ina vituo Mombasa na Milano, na ina huduma ya msingi isiyolipiwa. Faida yake haiishii kwenye kasi. Mwezi Mei 2024 hitilafu ya kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, kusini mwa mwambao huu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ilipunguza kasi ya intaneti Kenya na nchi jirani. Siku kama hizo, nakala iliyoko Milano huendelea kumhudumia Mwitaliano, na nakala iliyoko Mombasa humhudumia mtu wa Nairobi, hata kama seva yenyewe haifikiki kwa urahisi. Mahali pa seva pana upande wa sheria pia: kama fomu yako inakusanya namba za pasipoti, soma masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Kuziunganisha lugha zako

Ukishakuwa na kurasa za lugha tofauti, unatakiwa kuieleza Google kwamba ni ukurasa mmoja katika sura mbalimbali. Kazi hiyo hufanywa na lebo za hreflang, zinazowekwa katika sehemu ya kichwa cha kila ukurasa:

<link rel="alternate" hreflang="en" href="https://www.mfano.com/en/" />
<link rel="alternate" hreflang="it" href="https://www.mfano.com/it/" />
<link rel="alternate" hreflang="de" href="https://www.mfano.com/de/" />
<link rel="alternate" hreflang="sw" href="https://www.mfano.com/sw/" />
<link rel="alternate" hreflang="x-default" href="https://www.mfano.com/en/" />

Mistari hiyo yote mitano huwekwa kwenye kila moja ya kurasa nne, pamoja na ule unaoutaja ukurasa wenyewe. Ukurasa wa Kiingereza ukiutaja wa Kiitaliano bila wa Kiitaliano kuutaja wa Kiingereza, Google inaweza kuzipuuza lebo zote mbili. Anwani ziandikwe kamili, kuanzia https. Mstari wa mwisho ni wa mgeni ambaye lugha yake haimo katika orodha, kama Mpolandi au Mcheki. Kosa linalorudiwa sana ni kuandika msimbo wa nchi mahali pa lugha: Kiswahili ni sw, na ke ni Kenya, kwa hiyo mtu anayetaka kuilenga Kenya kwa Kiswahili huandika sw-KE. Vivyo hivyo Kiingereza cha Uingereza ni en-GB, si en-UK. Fahamu pia kwamba hreflang haipandishi ukurasa. Inachofanya ni kumpa mtafutaji sura inayomfaa ya ukurasa ambao ungeonekana vyovyote vile. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, haiitegemei sana, na hutazama zaidi lebo ya content-language.

Pana hitilafu moja inayoua kazi yote hii kimyakimya, nayo ni lebo ya canonical inayoelekeza kurasa zote za lugha kwenye ukurasa wa Kiingereza. Lebo hiyo huiambia Google kwamba ukurasa wa Kiitaliano ni nakala tu isiyo na haja ya kuonyeshwa. Kila ukurasa wa lugha ujielekeze wenyewe. Fungua msimbo wa ukurasa wako wa Kiitaliano leo, tafuta neno canonical, na usome anwani iliyo mbele yake.

Usimpeleke mgeni kwa nguvu kwenye lugha fulani kwa kutazama anwani yake ya IP. Roboti ya Google, yaani programu inayosoma kurasa kwa ajili ya matokeo yake, hutembelea tovuti nyingi kwa anwani za Marekani, kwa hiyo tovuti inayowalazimisha wote wanaotoka Marekani kusoma Kiingereza inaizuia roboti isizione kurasa za Kiitaliano na Kijerumani kabisa. Weka juu ya ukurasa majina ya lugha yenyewe, Italiano, Deutsch, English na Kiswahili, na umwache mgeni achague.

Yaliyomo ndani ya ukurasa

Google huitambua lugha ya ukurasa kwa kuyasoma maandishi yanayoonekana. Ukurasa uliotafsiriwa vichwa vya habari tu huku maelezo yakibaki kwa Kiingereza humchanganya kila mtu. Tafsiri ya mashine iliyobandikwa bila kusomwa na mtu ni hatari, na kwetu sisi ni uvivu usio na udhuru, kwa maana Malindi imejaa watu wanaokijua Kiitaliano. Uhusiano wa mji huu na Italia una mizizi tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipojenga jukwaa la San Marco huko Ngomeni na kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967. Vijana wanaoongoza wageni, wahudumu wa mikahawa na walimu wa lugha wanaweza kukusomea ukurasa na kukuonyesha sentensi ambayo hakuna Mwitaliano angeitamka. Walipe kwa kazi hiyo.

Ukurasa wa kila lugha ujibu maswali ya msomaji wake. Mwitaliano anataka bei kwa yuro, anataka kujua kwamba tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza na kuweka kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni, na anataka kujua atafikaje hapa kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa, kilomita 120 hivi. Mtu wa Nairobi anataka bei kwa shilingi, malipo kwa M-Pesa, na maelezo ya treni ya SGR na gari la kutoka Mombasa. Ukizitofautisha kurasa namna hiyo, unamhudumia mtu, na papo hapo unaipa Google ishara za nchi ambazo inazihesabu, yaani sarafu, namba za simu na anwani. Ishara nyingine ni viungo kutoka tovuti za nchi unayoilenga. Kiungo kimoja cha kweli kutoka kwa Mwitaliano aliyeandika habari za safari yake Watamu kina manufaa kuliko seva yoyote utakayoikodi Milano. Wasifu wako kwenye Ramani za Google nao uwe kamili, kwa kuwa unaitambulisha nyumba mahali ilipo hata kama tovuti ina kiishio cha jumla.

Ukilazimika kuhama

Pengine jina la biashara limebadilika, au kikoa cha zamani kilisajiliwa kwa jina la fundi aliyekitengeneza naye amekubali kukirudisha. Ukihamia kikoa kipya, elekeza kila ukurasa wa zamani kwenye ukurasa unaolingana nao kwa uelekezaji wa kudumu wa 301. Usizirundike kurasa zote kwenye ukurasa wa mbele. Toa taarifa kupitia chombo cha kubadilisha anwani kilichomo Search Console. Uelekezaji udumu angalau mwaka mmoja, na usiache kulipia jina la zamani hata baada ya hapo, kwa sababu lipo kwenye vipeperushi, kwenye fulana na katika vitabu vya safari ambavyo huwezi kuvirekebisha, na mtu mwingine akilinunua atapokea wageni wako.

Chagua wakati. Matokeo huyumba kwa wiki kadhaa baada ya kuhama, kwa hiyo usihame mwezi Novemba wakati watu wa Ulaya wanatafuta pa kukaa Desemba hadi Machi, wala Juni wakati Waitaliano wanapanga likizo ya Agosti. Mwezi Mei, masika yanaponyesha na hoteli nyingi za ufukweni zimefunga kwa matengenezo, ndio wakati wa kazi hii.

Unapotaka kuona matokeo ya Italia, usidhani kwamba kufungua google.it kutoka hapa kunatosha. Tangu mwaka 2017 Google hufuata mahali alipo mtafutaji, na mwaka 2025 ilianza kuzielekeza anwani zake za nchi, pamoja na google.co.ke, kwenye google.com. Unaweza kuongeza &gl=it&hl=it mwishoni mwa anwani ya utafutaji ili kupata picha ya karibu, lakini ni bora kumwomba mgeni wako wa zamani aliyeko Bologna au Torino atafute na akutumie picha ya skrini. Kisha rudi kwenye ripoti ya nchi ndani ya Search Console, na unapolinganisha, linganisha Agosti na Agosti ya mwaka uliotangulia. Ukilinganisha Agosti na Mei, utakachokiona ni msimu wa utalii, na hutajua kama mabadiliko uliyofanya yamezaa chochote.